Vilivyofichwa Juu ya Dari

Ukitaka kumfahamu Akiru wa Kakuma, anza na dari yake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, kuta za matofali ya udongo na mabati juu, pale ambapo mji na kambi ya wakimbizi vimesogeleana hadi mbuzi hawajui mpaka uko wapi. Chini ya mabati alikuwa ametandaza magunia aliyoyashona pamoja yakawa kama shuka moja kubwa, akayapigilia misumari kwenye boriti pande zote. Kila aliyeuliza aliambiwa ni ya kuzuia joto. Hilo lilikuwa kweli, kwa sababu joto la Kakuma likikukuta chini ya bati tupu linakuoka. Ila ilikuwa nusu ya kweli. Juu ya magunia yale Akiru alikuwa amelaza mbao chache, na juu ya mbao ameweka kila kitu ambacho hakutaka aombwe.

Kwa Waturkana kuomba si aibu. Mtu akikukuta na tumbaku anakwambia nipe, anasema wazi bila kupinda shingo, na kesho wewe unamwambia yeye nipe, na maisha yanakwenda. Aibu iko kwa anayekataa. Tena kukataa kitu ambacho macho yanakiona ni kumtukana mwenzako mchana kweupe. Ndiyo maana watu huficha. Kisichoonekana unaweza kusema hakipo na hakuna atakayekasirika, na kila nyumba ina kificho chake kidogo: tumbaku kwenye pindo la shuka, sukari nyuma ya mtungi. Wote wanajua na wote wananyamaza. Akiru yeye alizidisha. Aliezeka nyumba nzima juu ya kificho.

Tusimwonee, lakini. Ufichaji ule aliufundishwa na Lodwar. Alipokuwa msichana aliajiriwa kupika katika shule moja ya bweni mjini humo, na ndugu zake wa Namoruputh waliposikia binti yao anakula mshahara, wakaanza safari. Walikuja wakati wa ukame, walikuja wakati wa mvua, walikuja hata wakiwa hawana shida. Waliomba unga, akatoa. Waliomba blanketi, akatoa. Mjomba mmoja aliomba redio ikiwa inasoma habari, akaondoka nayo habari hazijaisha. Mumewe alipofariki, Akiru aliangaza macho ndani ya nyumba akaona godoro moja na mwanawe Lotiir, basi. Akamfunga mtoto mgongoni akahamia Kakuma, na akaapa kwamba maishani mwake hatabaki tena mikono mitupu.

Kakuma alipata kazi ya jikoni katika shirika moja la misaada, akapika miaka mingi. Shirika lilipofunga ofisi na kuondoka, wafanyakazi waligawiwa vilivyobaki stoo. Akiru alipata maturubai mawili mapya, mazito, yakiwa bado ndani ya karatasi zake, na kamba, na mablanketi, na sufuria kubwa za kupikia watu wengi. Alifunga mlango akavipandisha vyote juu ya dari siku ileile. Lotiir alikua akaenda kuendesha lori huko Kitale. Mama yake akabaki kuuza chai na mandazi mbele ya nyumba, na vitu vyake vikabaki gizani juu ya kichwa chake, havina kazi, ila kumfanya alale vizuri.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Nyakim, Mnuer kutoka Sudan Kusini, mkimbizi aliyekuwa akiuza samaki wakavu. Walijuana Nyakim alipokuwa mgeni kabisa, hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Wakati huo Nyakim alikuwa na haya ya kuomba. Angekaa kando ya mtu anayekula, na njaa yake, akitazama pembeni kama vile anahesabu kunguru. Akiru ndiye aliyemketisha akamweleza kwamba hapa Turkana ukinyamaza watu wanafikiri unawadharau, wanasema huyu anajiona hahitaji mtu. Sema tu nipe, alimwambia. Nyakim alianza kuomba kwa sauti ndogo, amefunika mdomo kwa kiganja, kijiko cha sukari, kaa la moto. Baadaye kiganja kikaondoka. Wakawa wanaombana kila siku, na urafiki wao ukashonwa kwa vitu vidogo hivyo. Katika miaka yote hiyo Nyakim hakuwahi kuomba kitu kikubwa.

Basi mwaka ule chifu alipitisha gari lenye kipaza sauti, likatangaza kwamba mvua kubwa yenye upepo inakuja na kila mtu aimarishe nyumba yake. Kawaida watu wa Kakuma husikiliza matangazo ya namna hiyo huku wakicheka, maana mvua kwao ni mgeni anayeahidi bila kufika. Lakini upepo ulikuwa umeanza kuvuma vibaya jioni, kwa hiyo walishika majembe. Walichimba mitaro kuzunguka nyumba, walijaza mchanga kwenye magunia wakayaweka juu ya mapaa, wakainua vitanda juu ya matofali, wakawaondoa mbuzi kando ya laga, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha.

Jirani yake Ebenyo, ambaye ni fundi, alichukua koili ya waya akawa anapita nyumba kwa nyumba kuwafungia watu mapaa, malipo yake chai. Alipofika kwa Akiru alipanda ukutani, akalitikisa bati kwa mkono mmoja, akashuka hajafurahi.

"Mama Lotiir, hii mawe umeweka ni ya kudanganya macho," alisema. "Upepo haikuji kwa juu. Inaingia chini ya bati inainua. Hii mbao haijafungwa na ukuta hata kidogo. Wacha nifungue hiyo gunia ya dari kwa kona, niingize waya, nifunge."

Ebenyo alikuwa mtu mzuri, lakini alikuwa na macho mawili na wake wawili, na akiona kilichokuwa juu pale, jua halingezama kabla mtaa mzima haujapanga mstari mlangoni. Hapo hata mbingu zishuke, asingeweza kusema hakuna.

"Gunia usiguse," alimwambia. "Nilishona mimi mwenyewe. Ongeza mawe."

"Mawe haitashika, mama."

"Wewe ongeza tu."

Ebenyo aliongeza mawe kwa shingo upande, akanywa chai yake, akaenda kumfungia mtu mwingine. Na hapo, msomaji, ndipo paa la Akiru lilipong'oka, ingawa upepo wenyewe ulikuja siku nyingine.

Kesho yake alikuja Nyakim. Alikaa kwenye kigoda ndani, akapokea chai, akauliza habari za Lotiir, na kwa vile alikuwa amefundwa vizuri na mwalimu aliyekuwa mbele yake, hakuzunguka.

"Mama Lotiir, mimi nimekuja kuomba. Nipe turubai. Hata kama ni ya zamani. Ile yangu jua imekula yote, nikishika tu inapasuka. Na mtoto ya binti yangu, shingo yake bado haijakaza."

Binti wa Nyakim alikuwa amejifungua majuzi tu, na Akiru mwenyewe ndiye aliyempelekea uji wa kwanza. Alikijua kile kitoto cha kike. Alijua na ile nyumba, kuta za udongo zisizo na lipu na juu yake turubai la msaada lililopauka hadi mwanga ulipita. Alijua yote hayo, na maturubai mawili yalikuwa juu ya kichwa cha Nyakim palepale, akisimama akinyoosha mkono angegusa gunia lililoyabeba. Lakini ulimi una mazoea yake. Ulimi wa Akiru ulikimbia kabla moyo haujavaa viatu.

"Ningekupa, dada. Yale niliyopewa na shirika nilimpelekea wifi yangu Adome, kule Lodwar. Paa lake lilikuwa limeoza. Hata moja halikubaki."

Nyakim aliamini. Hilo ndilo lililokuja kumuuma Akiru kuliko yote. Angeonyesha shaka kidogo, angekunja uso, Akiru angekuwa na kitu cha kumlaumia. Lakini Nyakim aliitika kwa kichwa, akasema alifanya vizuri kumkumbuka wifi yake, akamaliza chai, akashukuru, akaenda.

Akiru alibaki amekaa. Mara mbili aliinuka ili amwite, mara mbili akakaa. Alijiambia kwamba nikitoa moja, watu watauliza limetoka wapi, na hapo nimekwisha. Alijiambia mvua za Kakuma ni maneno matupu. Mwisho akajiambia kwamba mambo yakiwa mabaya kweli atalitoa, atasema amelikumbuka, lilikuwa limesahaulika mahali. Kwa mpango huo akajituliza, akarudi kukanda unga wake.

Dhoruba ilikuja alasiri ya siku iliyofuata, watu wakiwa kazini. Kwanza ulisimama ukuta wa vumbi jekundu upande wa milima, ukaja ukimeza nyumba moja baada ya nyingine. Vumbi lilipopita ikashuka baridi ambayo haina kazi Kakuma. Kisha mabati yakaanza kulia. Watu walidhani watoto wanarusha kokoto, wakatoka nje kuwagombeza, wakakuta ni mvua ya mawe. Ilianza kama punje za mahindi, ikawa kama mayai ya njiwa. Mbuzi walipiga kelele kama watu. Wako wazee pale waliokuwa hawajawahi kuona barafu ikitoka mbinguni.

Mlango wa Akiru ukagongwa. Alipoufungua waliingia Nyakim na binti yake, wamelowa chepechepe, damu ikimtiririka Nyakim sikioni alikopigwa na jiwe, na kitoto kikiwa kifuani kwa bibi yake kimefunikwa kwa sufuria. Turubai lao lilikuwa limetobolewa likawa chekecheke, kisha upepo ukalichana likaenda. Kuta zilikuwa zinayeyuka. Akiru aliwavuta ndani, akawapa khanga kavu, akaanza kukisugua kitoto miguu. Na akiwa amepiga magoti hapo alikumbuka mpango wake. Mambo yalikuwa mabaya kweli sasa. Ulikuwa wakati wa kulikumbuka turubai lililosahaulika, ila kinywa hakikufunguka.

Upepo haukumsubiri. Uliingia chini ya bati, vilevile kama Ebenyo alivyosema, ukainua. Boriti zisizofungwa zilinyanyuka pamoja na mawe yote yaliyokuwa juu, zikasimama hewani kidogo kama mtu anayefikiri, halafu paa la chumba kile likaondoka. Mawe kwa bahati yalimwagikia nje. Magunia yalipasuka katikati, na vitu vya Akiru vikashuka. Vilishuka mablanketi, zikashuka kamba, sufuria zikashuka zikigongana na kubingirika sakafuni. Mwisho kabisa yakaanguka maturubai mawili, moja huku na moja mbele ya miguu ya Nyakim, likiwa ndani ya karatasi yake, limefungwa uzi.

Nyakim aliliangalia. Kisha akamwangalia Akiru. Akiru alitamani lile jiwe lililompiga Nyakim sikioni lingekuja limpige yeye utosini, amalizike.

Lakini kitoto kilikuwa kinalia na mawe ya barafu yalikuwa yanawaangukia. Akiru aliukata uzi kwa meno, akalitandua turubai, wakaingia chini yake wote wanne, kila mwanamke ameshika upindo wake, magoti yamegusana. Turubai lilinukia upya. Mawe yalipiga juu yake yakadunda, halikuingiza hata tone. Lilikuwa turubai zuri sana. Walikaa chini yake hadi dhoruba ilipochoka, na Akiru anasema hajawahi kukaa mahali pafinyu kama pale. Kichwa cha Nyakim kilikuwa karibu na chake hadi aliisikia pumzi yake, na hakukuwa na pa kuyaweka macho.

"Kumbe lilikuwepo," alisema binti wa Nyakim, kwa Kiswahili, bila ubaya wowote, kama mtu anayeshangaa tu.

Nyakim alimnyamazisha kwa Kinuer, neno moja. Akiru hakujua neno lile maana yake nini, na hadi leo hajathubutu kuuliza.

Dhoruba ilipopita, watu walitoka kutazama hasara. Mabati ya Akiru yaliokotwa lagani yamejikunja, moja lilikuwa limekwama kwenye mgunga. Kuta za watu zilikuwa zimeanguka, sufuria zinaelea mitaroni, watoto wanatafuna barafu na kutema kwa baridi. Ebenyo alikuja kumpa pole jirani yake. Aliangalia juu, akaona vichwa vya kuta ambavyo havijawahi kuonja waya. Akaangalia chini, akaona marundo. Akaelewa yote mawili kwa mpigo.

"Sawa, mama," alisema tu.

Kisha wengine wakaja, na vitu vilikuwa vinaonekana. Nipe blanketi hilo, mtoto wangu anatetemeka. Nipe kamba. Nipe sufuria moja, yangu imepondeka. Nipe hilo turubai lingine. Akiru alitoa. Alitoa bila kutazama nyuso, alitoa kama mtu anayetupa kitu kinachomuunguza mikono, na kabla jioni haijaingia ile mali ya miaka yote ilikuwa imetawanyika mtaani. Na watu wakamsifu, jamani. Walimwita mama mwenye moyo, walimwombea kwa Akuj, yaani Mungu. Mzee mmoja alisema mbele za watu kwamba shida humwonyesha mtu mkarimu ni nani. Kila sifa ilimchoma. Angetukanwa mkono wa birika angepumua vizuri zaidi.

Mtu mmoja tu hakuomba. Mvua ilipokata, Nyakim alikuwa amekichukua kitoto, akasema asante kwa kutufunika, akaenda na binti yake.

Akiru alilikunja lile turubai lililowafunika, la pekee alilobaki nalo. Asubuhi, Ebenyo akiwa amepanda tena kurudishia mabati yaliyonyooshwa, safari hii kwa waya, Akiru alilibeba kichwani hadi kwa Nyakim. Alimkuta anakamua mablanketi na binti yake, kila mmoja ameshika ncha yake wanayasokota. Nusu ya nyumba ilikuwa imerudi kuwa tope. Watu wa kanisa lao walikuwa wamewaletea hema kuukuu, limesimamishwa kwenye sehemu kavu. Nyakim alimsalimu vizuri kwa Kiturkana, ejok, akamletea kitu cha kukalia. Akiru alilitua turubai, akaanza kusema maneno aliyokuwa ameyapanga njiani, kwamba shetani alimpitia, kwamba amekuja kuleta. Hakufika mbali.

"Hiyo mpelekee Adome," alisema Nyakim. "Ulisema ni yake."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku anakamua blanketi, na maji yalitiririka miguuni kwake. Akiru akalitwika turubai tena, akapita nalo mtaani mbele ya watu waliompa salamu za heshima, na uso ulimshuka hadi akakanyaga mtaro hakuuona.

Sasa angefanya nini? Watu wenye busara wangengoja. Kesho yake Akiru alipanda basi la asubuhi, akapeleka turubai Lodwar. Alijiambia kwamba kwa kuwa ametamka uongo, njia iliyobaki ni kuufanya uwe kweli, hata kama umechelewa. Mtu akishaona haya sana akili yake hufanya kazi ya namna hiyo.

Adome, mke wa kaka yake, aliishi nje kidogo ya mji, karibu na mto. Kwa Waturkana mwenye kujenga nyumba ni mwanamke, na Adome alikuwa amejijengea yake mwenyewe kwa fito na makuti ya mkoma, ikakaa pale kama chungu kilichofunikwa. Mvua ilikuwa imepita hata Lodwar, na nyumba ile haikupungukiwa jani. Alipoona wifi yake anatua mzigo, aliuliza ni wa nani. Wako, alisema Akiru, na akamweleza kila kitu, kuanzia dari hadi neno la Nyakim.

Adome alicheka. Alicheka hadi akaegemea mti, akasema kumbe amekuwa tajiri wa maturubai kwa muda wote huu na hakuna aliyemwambia. Halafu akaona mwenzake hacheki, machozi yanamlengalenga, akaacha.

"Sasa wifi, wewe umebebea huyo mama turubai kama gari ya shirika," alisema. "Apige foleni kwako? Hapana. Wewe nenda umwombe."

"Nimwombe nini? Hana kitu. Nyumba yake imekuwa tope."

"Omba kitu yoyote. Akikupa, sawa. Akikunyima, utajua ilikuwa vipi kwake."

Akiru alisema anaogopa. Adome alisema ndiyo, na akaendelea kumpikia chai. Alipokuwa anaondoka, Akiru alinyoosha mkono achukue turubai, na Adome akaweka mguu juu yake. Hili liache, alisema, si nimeambiwa ni langu. Na kwa mara ya kwanza tangu dhoruba Akiru alijikuta anacheka kidogo, cheko lililomtoka kwa shida na kuisha upesi.

Njia nzima ya kurudi Kakuma alitafuta cha kuomba. Kitu kikubwa kingekuwa kumwonea mtu aliyepoteza nyumba. Kisiwe pia kitu cha mchezo. Alihisi jinsi neno nipe linavyokaa vibaya kooni mtu akijua anastahili kukataliwa, na akafikiria kwamba miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuomba namna hiyo. Kila alipoomba alikuwa anajua kwamba nyumbani kuna kitu juu ya dari.

Alimkuta Nyakim ameketi mbele ya hema, anapasua samaki na kuwapaka chumvi, bakuli la chumvi likiwa karibu na goti lake. Kitoto kilikuwa kimelala ndani. Akiru hakungoja kigoda. Alichuchumaa kwenye vumbi, chini kidogo ya Nyakim, kama wanavyochuchumaa wageni.

"Nyakim, nimekuja kuomba. Nipe chumvi."

Kisu kilisimama. Nyakim akapangusa magamba mkononi.

"Kwako imeisha?"

Hapo ulimi ulitaka kukimbia tena. Ingekuwa rahisi tu kusema ndiyo, imeisha, ililowa na mvua, nani angebisha?

"Haijaisha," alisema. "Ninayo, mkebe umejaa. Nimekuja kuomba tu."

Binti yake alichungulia kutoka hemani, akarudi ndani. Jirani mmoja alipita na ndoo ya maji, akawasalimu, na hakuna aliyemjibu vizuri. Akiru alikaa vilevile, viganja wazi mapajani, macho chini, na akafahamu kwamba akinyimwa hana haki hata ya kuinuka haraka.

Kisha Nyakim akachota kwenye bakuli kwa vidole vile vya samaki, akammiminia kiganjani. Kilikuwa kiasi kizuri, si cha kumfukuza mtu.

"Kesho ukikuja kuomba nitakupa tena," alisema. "Lakini mimi usiningoje kwa mlango yako. Bado."

Akashika kisu akaendelea na samaki. Akiru alisema asante, akainuka magoti yakimuuma, akafunga ngumi ili isimwagike. Njiani watu walikuwa wengi, ni saa za kutoka sokoni, na wote wanamfahamu mama wa mablanketi. Walimnyooshea mikono wamsalimu. Aliwaitikia kwa kichwa tu, mmoja baada ya mwingine, akapita.